Karani Aliyewacheka Makarani

Katika mwezi wa Machi, mwaka 2016, Rais John Magufuli, mwana wa Chato katika Mkoa wa Geita, aliwaapisha wakuu wapya wa mikoa akawapa siku 15 wawatafute watumishi hewa, yaani yale majina yaliyopokea mshahara wa Serikali kila mwisho wa mwezi pasipo mtu wa kuifanya kazi. Shinyanga ilijibu kwamba haina hata mmoja. Jibu hilo lilikuwa zuri mno kusadikika. Watu wakatumwa kuhesabu upya, wakakuta 45, na tarehe 11 Aprili Mkuu wa Mkoa akaondolewa, hata mwezi hajautimiza katika kiti chake. Kufikia Mei, nchi nzima, walikuwa wamepatikana zaidi ya 10,000.

Msomaji atauliza: habari hii tunaijua, tena ni ya zamani, ya nini kuirudia leo? Twairudia kwa sababu twataka kusimulia habari za mtumishi hewa mwingine, aliyeishi mbali na Shinyanga, katika mji wa Paris, miaka zaidi ya 130 iliyopita. Huyu alipokea mshahara wa Serikali ya Ufaransa kwa muda wa miaka kama 14, na kazini alionekana kama mwezi mwandamo, leo yupo, kesho hayupo. Serikali ile haikumshtaki. Ilimpa nishani. Na Wafaransa wamelifanya jina lake kuwa neno katika lugha yao: mtu akizungushwa na ofisi mpaka akili ikamruka, husema kwamba yaliyompata ni mambo ya Courteline.

Jina lake la kuzaliwa ni Georges Moinaux. Alizaliwa Tours tarehe 25 Juni, 1858. Courteline ni jina alilojitwalia alipoanza kuandika. Baba yake, Jules Moinaux, alikuwa mwandishi wa mahakamani, kazi yake kuyanakili kwa hati ya mkato maneno ya mawakili na washtakiwa. Aliyoyasikia mchana mahakamani, mzee huyo aliyageuza jioni kuwa vichekesho vya kuuza magazetini. Kadhalika aliandika maneno ya mchezo mdogo wa nyimbo uliotiwa muziki na Jacques Offenbach mwaka 1855, wenye habari za maskini wawili wa kuomba ambao kila mmoja hujifanya kipofu. Basi mtoto alikulia katika nyumba ambamo sheria ililetwa mezani pamoja na mkate, na kuchekwa kabla ya kulala.

Mwaka 1879 aliingia jeshini, maana sheria iliwalazimisha vijana, akawekwa katika kikosi cha wapanda farasi mjini Bar-le-Duc. Alilichukia jeshi kwa moyo wake wote, na siku nyingi za utumishi wake alizitumia katika ugonjwa, wa kweli na wa kubuni. Alipotoka, alipata kwa msaada wa baba yake nafasi ya ukarani katika Wizara ya Mambo ya Ndani, Idara ya Madhehebu.

Hapa yafaa tueleze kidogo, maana idara ya namna hii sisi hatuna. Kwa mapatano ya mwaka 1801 kati ya Napoleon na Baba Mtakatifu, Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikiwalipa mishahara maaskofu na mapadre. Baadaye wachungaji wa Kiprotestanti na marabi wa Kiyahudi wakaingia katika mpango huo huo. Paa la kanisa likivuja, karatasi ilikwenda Paris. Mjane akifa na kuiachia parokia shamba la mizabibu, karatasi ilikwenda Paris. Ilibidi pawepo makarani wa kuzipokea karatasi hizo, kuziandika daftarini, kuzifunga kwa utepe na kuzipandisha orofa ya juu kwa mkubwa, ambaye huzitia sahihi na kuzishusha. Katika nyumba hiyo ndimo kijana Courteline alimowekewa kiti na dawati.

Alikikalia kiti hicho mara chache. Yasimuliwa kwamba alipatana na mwenzake mmoja ofisini amfanyie kazi yake, naye akamlipa sehemu ya mshahara. Mapatano hayo yalimfaa kila mtu. Mwenzake alipata nyongeza, idara ilipata kazi yake bila pengo, naye Courteline alipata wakati wa kukaa katika mikahawa ya Montmartre, kucheza karata na kuandika. Aliyekosa ni mlipa kodi peke yake, na huyo hakuwepo katika mazungumzo. Hivyo ndivyo ilivyo kila palipo na mtumishi hewa, iwe Paris, iwe Shinyanga: hapakosi mtu hai aliye karibu naye, anayejua na kunyamaza kwa sababu apata fungu.

Walakini kijana huyu hakulala. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha visa vya kambini, na mwaka 1888 kingine cha askari wawili wanaopotea kwa sababu ya gari la moshi la saa mbili na dakika 47. Watu walicheka, naye akaanza kujulikana. Kisha mwaka 1893, akiwa bado ni karani kwa mujibu wa orodha ya mishahara, alitoa kitabu kiitwacho Messieurs les ronds-de-cuir. Maana yake ni Mabwana wa Mito ya Ngozi: makarani wa zamani waliwekewa vitini mito ya duara iliyoshonwa kwa ngozi, kwani walikaa mno.

Kitabu hiki si tamthilia, ijapokuwa baadaye kilitiwa jukwaani na katika sinema. Tutakikalia kidogo, kwa kuwa ndicho kiini cha maisha yake yote. Habari ni ya idara moja ya Serikali ishughulikayo na zawadi na urithi. Mtunza makumbusho wa mji mdogo aja Paris kuuliza juu ya vitu ambavyo marehemu mmoja ameyaachia makumbusho yake. Kinachohitajika ni kibali. Hakuna anayempinga, hakuna adui, hakuna hongo inayodaiwa. Lakini faili halionekani. Maskini huyu anapita katika ujia mmoja na kutokea mwingine, anapanda ngazi, anashuka, anafungua mlango na kumkuta mtu asiyehusika, anaelekezwa kwa mtu ambaye leo hakuja. Nyumba ya Serikali inakuwa kwake kama pori lisilo na njia.

Na wanaokaa ndani ya pori hilo ni watu gani? Yupo Lahrier, kijana mwenye akili, ambaye haji kazini. Huyo msomaji amekwisha kumtambua, ni Courteline mwenyewe. Yupo mzee Soupe, ambaye huja kila siku iliyoamriwa na Mungu, hukaa pale pale, husinzia, na hana analolifanya tangu zamani sana. Yupo Van der Hogen, naye ana ugonjwa tofauti: ana pupa ya kazi, huzivamia kazi za wenzake, na kila faili aligusalo hulivuruga lisipatikane tena. Yupo Letondu, ambaye akili yake imeanza kupotea mbele ya macho ya watu wote, na kila mtu adhani kwamba mwingine atalitolea habari. Mwisho wake Letondu anamwua kwa kisu mkuu wa ofisi. Naam, katika kitabu cha kuchekesha. Msomaji aliyekuwa akicheka ukurasa uliotangulia husimama ghafula, akaona kwamba nyumba ile ilikuwa na hatari siku zote, na kicheko kilimzuia asiione.

Tukirudi kwenye orodha ile ya Shinyanga, twaweza kuuliza: ni yupi kati ya hao wanne ambaye ukaguzi wa mwaka 2016 ungemkamata? Lahrier, labda, kama siku hiyo asingepata habari mapema. Mzee Soupe angepita salama, tena angepita akiwa ameketi. Jina lake lipo, mwili wake upo, cheti chake ni cha kweli. Mwaka 2017 vyeti navyo vilikaguliwa, watumishi 9,932 wakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Mzee Soupe hata hapo angepita. Hewa ya pili hii, ya mtu ambaye kiwiliwili chake kipo na kazi yake haipo, bado haijapata mashine ya kuihesabu. Mwananchi aliyetoka Mgusu au Nyarugusu kwa gari la alfajiri, akafika mjini Geita akaambiwa mhusika ametoka kidogo, huyo huihesabu kwa nauli yake.

Mwaka huo huo wa 1893 ndipo Courteline alipopata jukwaa lililomfaa. Mjini Paris palikuwa na mtu aitwaye André Antoine, karani wa kampuni ya gesi, asiye mwana wa tajiri wala mtoto wa chuo kikubwa. Mwaka 1887 alikuwa ameanzisha na wenzake kikundi cha michezo kilichoitwa Théâtre-Libre, Ukumbi Huru, kwa kuchoshwa na michezo ya mapambo iliyochezwa katika kumbi kubwa. Antoine alitaka chumba cha jukwaani kiwe chumba kweli, na mtu azungumze kama watu wazungumzavyo. Mfanya kazi wa gesi na mtumishi hewa wa Madhehebu walipokutana, ikazaliwa tamthilia ya Boubouroche: bwana mnene, mpole, aambiwa na mzee jirani kwamba mwanamke ampendaye na kumlipia nyumba humficha mwanamume kabatini. Aenda, alifungua kabati, amkuta. Mwanamke hakubabaika, amgeuzia maneno mpaka yeye ndiye anayeomba radhi, kisha ashuka chini na kumpiga yule mzee aliyemwambia kweli. Wazee wetu wa Usukuma, waliozoea mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, ambako watu hukusanyika baada ya mavuno na kila upande kuunyosha upande wa pili kwa nyimbo za dhihaka, wasingehitaji mkalimani kuielewa hadithi hiyo.

Mwaka uliofuata, 1894, aliiacha Wizara. Vitabu na michezo sasa vilimlisha. Hapo ndipo kazi yake ya kweli juu ya Serikali ilipoanza, na hili ni jambo la kufikiriwa: alipokuwa ndani aliwaeleza makarani, alipotoka nje akaanza kumweleza yule aliyesimama upande wa pili wa dirisha.

Mtu huyo alimpa jina La Brige. La Brige ni raia mpole anayelipa kodi, anayeijua sheria kifungu kwa kifungu, na anayeamini kwamba kwa kuwa anaijua itamlinda. Katika mchezo mfupi wa mwaka 1897, La Lettre chargée, aenda posta kuchukua barua iliyoandikishwa. Karani adai vitambulisho. La Brige atoa alivyo navyo, havitoshi. Kisha inadhihirika kwamba karani huyo amjua La Brige vizuri kabisa, wamepata kukutana na kuzungumza, amwita hata kwa jina. Basi nipe barua yangu. La hasha! Kama mtu, karani anamjua; kama karani, hamjui. Barua itabaki pale pale mezani, baina ya watu wawili wanaofahamiana.

Mchezo mwingine, wa mwaka 1900, uliandikwa wakati wa Maonyesho Makubwa ya Dunia mjini Paris. Ilijengwa njia ya mbao inayokwenda yenyewe kwa umeme, ikiwachukua wageni na kuwapitisha usawa wa madirisha ya nyumba za watu. La Brige, aliyepanga chumba chake ili akae kwa utulivu, sasa apitwa dirishani na maelfu ya watu wanaomchungulia, wanaomzomea na kumtupia vitu. Alalamika kila mahali, hakuna anayemsikiliza. Mwishowe awageuzia kisogo, tena si kisogo cha kichwani. Ashtakiwa kwa kuvunja adabu mbele ya mashahidi zaidi ya 13,000. Mahakamani ajitetea mwenyewe, kwa vifungu, hoja juu ya hoja. Hakimu asoma hukumu ndefu, akiri kwamba La Brige ana haki katika kila jambo alilolisema, kisha amfunga. Yasomeni maneno hayo mara ya pili, ndugu zangu. Hakimu hakusema kwamba mtu huyu ni mwongo. Alisema ana haki, na kwa sababu hiyo ni hatari, maana wengine wakimwiga Serikali haitatawalika.

Katika mchezo wa mwaka 1899, Le commissaire est bon enfant, mtu mwema aokota saa njiani usiku na kuipeleka kwa mkuu wa polisi. Atazamia shukrani. Badala yake aulizwa jina, kazi, aishi wapi, alikuwa akitafuta nini barabarani saa hiyo, na kadiri anavyojibu ndivyo anavyozidi kuonekana mhalifu. Laiti angeitia saa mfukoni! Baadaye aingia kichaa wa kweli, naye, kwa kuwa hana adabu wala hofu, amfungia mkuu wa polisi ndani ya ghala la makaa. Na katika Un client sérieux, wa mwaka 1896, wakili anamtetea mteja wake kwa machozi, mara inaletwa habari kwamba ameteuliwa kuwa mwendesha mashtaka wa mahakama ile ile. Avuka sakafu, aligeuza joho, na kwa ufasaha ule ule aanza kudai mteja wake afungwe.

Twataja michezo hii kwa urefu kwa kuwa ndani yake mna jambo moja ambalo wengi wanaoandika juu ya urasimu hulikosa. Sisi tumezoea kumtafuta mwovu. Tukiona kazi imekwama twasema pana mla rushwa, na aghalabu yupo. Courteline alionyesha kwamba kazi inaweza kukwama pasipo mwovu hata mmoja. Karani wa posta hakutaka chochote kwa La Brige. Aliifuata karatasi, na karatasi ilikuwa imekwisha kuchukua mahali pa mtu. Ndiyo maana taarifa ya Shinyanga iliweza kusema hapana watumishi hewa: karatasi zote zilikuwa sawa. Mtumishi hewa yu hai kabisa karatasini, ana cheo, ana tarehe ya kuajiriwa, ana akaunti ya benki. Ni huku nje tu ambako hayupo.

Sasa yatupasa tuseme na upande wa pili, tusije tukaonekana kumsujudia Mfaransa. Kwanza, alikula mali ya umma. Wapo watakaosema kwamba aliilipa kwa vitabu vyake, na kwamba Ufaransa ilinunua kicheko cha karne nzima kwa mshahara wa karani mdogo, biashara nzuri. Sisi hatukubali hesabu hiyo upesi. Kwa kila Courteline mmoja aliyeandika, walikuwepo mamia waliocheza karata tu. Pili, kicheko chake kilikuwa na mpaka. Miaka hiyo hiyo aliyokuwa akikwepa ofisi, wachimba makaa wa Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, waligoma, mwaka 1884. Mwandishi Émile Zola alikwenda huko, akashuka chini ya ardhi na kuyaona kwa macho, akaandika Germinal, kilichotoka mwaka 1885. Watu wa Geita, ambao mgodi wao wa kwanza ulifungwa mwaka 1966 na mpya kufunguliwa mwaka 2000, na wale wa Mwadui walioanza kuchimba almasi zama za Williamson mwaka 1940, hawatapata katika Courteline hata ukurasa mmoja wenye harufu ya shimo. Kwake dunia ni ofisi, mkahawa, mahakama, kambi na nyumba ya mtu na mkewe. Waziri hamgusi sana. Aliye juu kabisa, aliyeipanga idara ya mabwana wanaosinzia, hatumwoni.

Wala si kweli kwamba lazima mwandishi amwibie mwajiri wake ndipo aandike. Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, akakaa Pangani miaka mingi, akahamishwa Mpwapwa, akarudi Tanga, siku zote akiwa mtumishi wa Serikali ya wakoloni iliyompa cheo kidogo na mshahara mdogo. Alifanya kazi yake ya mchana, na ya pili akaifanya kwa mwanga wa taa. Mpaka anafariki mwaka 1962 alikuwa amekipa Kiswahili kile ambacho hapana mtu mwingine aliyekipa. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni kitabu cha mtu aliyejua jinsi mkubwa anavyoweza kukataa kusikiliza. Hakichekeshi kama Courteline, bali kimechongwa katika mti ule ule.

Vichekesho vya ofisi navyo tunavyo wenyewe. Farouk Topan, katika Aliyeonja Pepo, alithubutu kuipeleka ofisi huko huko mbinguni: mtu afikishwa peponi kwa makosa, kabla ya siku zake, na wakubwa wa huko wapata taabu jinsi ya kulirekebisha kosa lililokwisha kuandikwa. Mchezo wa Mrusi Gogol, ambaye naye alipata kuwa karani mjini Petersburg, tunao katika Kiswahili kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Lakini unaojulikana kuliko yote, kwa kuwa wanafunzi wa sekondari tangu Kahama mpaka Sengerema wameusoma kwa mtihani, ni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, wa Edwin Semzaba. Ngoswe ni karani wa sensa. Afika kijijini na mkoba wa Serikali, na badala ya kuhesabu watu, moyo wake wahesabu msichana mmoja, Mazoea, binti wa balozi Mitomingi aliyempokea. Penzi lakua, kazi yalala. Mwishowe baba mwenye hasira azitia moto karatasi za hesabu, na taabu yote ya Serikali na ya wanakijiji yawa majivu.

Ukiwaweka Lahrier na Ngoswe bega kwa bega waona tofauti ya nchi mbili. Lahrier asipokwenda kazini, faili moja linapotea na mtunza makumbusho mmoja anarudi kwao mikono mitupu; Ufaransa ya wakati ule ilikuwa na mafaili ya kupoteza. Karatasi za Ngoswe zikiungua, kijiji kizima hakipo katika hesabu ya taifa, na kisichohesabiwa hakipangiwi kisima wala zahanati. Semzaba alilijua hilo. Kicheko chake ni cha nchi isiyo na akiba.

Na ofisi zetu je, hazibadiliki? Zabadilika, na haki yao tuwape. Mchimbaji mdogo wa Geita zamani akiwa na dhahabu yake ya halali alikabiliwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, juu ya mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Haishangazi kwamba dhahabu nyingi ilipata njia ya usiku. Mwaka 2019 kodi mbili za kwanza zilifutwa kwa wachimbaji wadogo, na mwezi Machi soko la dhahabu likafunguliwa mjini Geita, la kwanza la namna yake nchini, ambamo mnunuzi, mpimaji na mkusanyaji wa maduhuli ya Serikali wapatikana chini ya paa moja. Hilo paa moja ndilo lililokosekana kwa yule mtunza makumbusho. Angelipata, Courteline asingekuwa na kitabu, nasi tusingesikitika sana.

Courteline alipewa nishani ya Légion d'honneur mwaka 1899. Mwaka 1905 mchezo wake ulichezwa na Comédie-Française, nyumba ya Molière, na huo ulikuwa mchezo uliomrudisha jukwaani Alceste, yule mchukia-watu wa Molière, safari hii akijaribu kuwapenda wanadamu na kuumizwa nao. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, Ufaransa ilipitisha sheria ya kutenganisha Kanisa na Serikali, na bajeti ya madhehebu ikafutwa. Kazi ambayo kijana Moinaux alilipwa miaka yote ile asiifanye, sasa haikuhitajika kufanywa na mtu yeyote. Baada ya hapo aliandika kidogo. Alikusanya picha mbaya za kuchora, kadiri zilivyokuwa mbaya ndivyo alivyozipenda, akaziita makumbusho ya vitisho. Mwaka 1926 alichaguliwa kuingia katika Chuo cha Goncourt. Ugonjwa ulimsumbua, naye akafa mjini Paris tarehe 25 Juni, 1929, siku aliyotimiza miaka 71 kamili. Hata mauti yake, kwa usahihi wa tarehe, yangempendeza karani yeyote wa kuandikisha vizazi na vifo.

Twasikia kwamba vikundi vya michezo vya wanafunzi na vya wafanya kazi hutafuta kila mwaka mchezo mfupi wa kuonyesha sikukuu ya Mei Mosi, na aghalabu huishia kwenye ngonjera za kusifu mgeni rasmi. Tungependa mwalimu mmoja wa Kifaransa aifasiri La Lettre chargée. Hauhitaji mapazia wala mavazi. Wahitaji wachezaji wachache, meza, barua moja, na dirisha lenye kijitundu cha kusemea. Mgeni rasmi akae mstari wa mbele.